Kopo la Sita

Hospitali ile ilikuwa na madaktari bingwa saba, mashine zilizosafiri baharini miezi miwili, na mkurugenzi mwenye tai mpya kila wiki. Lakini wateja wake wadogo kuliko wote walitegemea rula ya mbao ya mita moja, na mtu aliyeishika hakumaliza hata sekondari. Nawaita wateja makusudi, maana nikiwaita jina lingine lolote kuna upande utanirukia shingoni. Mtu mwenyewe walimwita Bwana Rula. Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwepo, ila hata mlinzi wa getini alikuwa ameshalisahau.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi wa chini, jirani na dobi, chenye sakafu ya saruji na feni isiyozimwa. Humo mlikuwa na matangi manne yenye kimo cha mtu aliyeketi, na ndani yake nitrojeni ya kimiminika, baridi inayoweza kugandisha kidole kikakatika kama kijiti. Katika kila tangi yalining'inia makopo sita, kila moja na namba na mpini wake. Ndani ya makopo mlikuwa na vikombe, ndani ya vikombe mirija myembamba, na ndani ya kila mrija kiinitete kimoja: mimba ya siku tano iliyotungwa maabara, ndogo kuliko punje ya mchanga, iliyogandishwa ikisubiri siku ya kurudishwa tumboni mwa mama.

Kazi ya Bwana Rula ilikuwa kuhakikisha baridi haipungui. Kila asubuhi alichovya rula mpaka chini, akahesabu hadi kumi, akaitoa na kuipunga hewani. Mstari mweupe wa barafu ukajitokeza kwenye mbao, na pale ulipoishia ndipo kimiminika kilipofika. Akaandika kwenye daftari: tarehe, saa, sentimita, sahihi. Chini ya ishirini ilikuwa hatari. Kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuikaribia ishirini. Hata siku ya harusi ya binti yake alipita kwanza kupima, akafika ukumbini akiwa na glavu moja mfukoni.

Tena alipima kwa mpango. Tangi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kopo la kwanza mpaka la sita. Hakuruka. Nyumbani nako alikata kucha kuanzia dole gumba, akafunga madirisha kuanzia la sebuleni. Mke wake alikuwa hamwachi kwa utani.

"Siku nyumba hii ikishika moto," alikuwa akiwaambia wageni, "huyu ataanza kuokoa ndoo ya mlangoni. Mimi niliye chumba cha mwisho mtanikuta nimeiva."

Wageni walicheka, na Bwana Rula alicheka nao. Hakuona kosa lake.

Binti yao alikuwa mmoja tu. Mwaka wa pili wa ndoa yake aliugua saratani ya damu, na madaktari wakamwambia bila kumung'unya maneno kwamba dawa zitamponya lakini zitamaliza mayai yake ya uzazi. Kama anataka mtoto wa damu yake, ajiwekee akiba mapema. Yeye na mumewe wakajiwekea viinitete vitatu. Siku hiyo nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa tangi la pili, kopo la sita. Bwana Rula aliviingiza kwenye daftari kwa mwandiko uleule aliowaandikia watu wote, akafunika tangi, akaenda chooni kulia.

Miaka minne binti alipambana. Nywele zilitoka, zikarudi. Mwishowe daktari wake akasema, "Sasa unaweza kubeba mimba," na binti akapangiwa kurudishiwa kiinitete siku ya Alhamisi.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo ukaja waraka wa wizara.

Mambo yalianza kwa wasomi wa chuo kikuu. Waliomba kibali cha kutumia viinitete vilivyobaki hospitalini, vile ambavyo wenyewe hawavihitaji tena, watoe humo seli shina. Seli hizo, walieleza, bado hazijachagua kuwa nini, kwa hiyo zinaweza kulelewa zikawa za neva, za moyo au za ini, na huenda siku moja zikatibu maradhi ambayo leo watu wanafarijiwa tu. Gazeti likaandika. Nchi ikawaka. Wengine walisema kiinitete ni mtu, na kumvunja mtu ili umtibu mwingine ni uuaji. Wengine walisema ni tone lisilo na hisia, na dhambi ni kulimwaga kwenye sinki huku wagonjwa wakifa. Redio haikuwa na habari nyingine. Mpaka kinyozi alikuwa na msimamo, na ole wako ukiupinga wembe ukiwa shingoni.

Serikali ikafanya kile serikali inachojua. Haikusema ndiyo, haikusema hapana, iliunda kamati. Na mpaka kamati ikusanye maoni na muswada upite, waraka ukasema, kiinitete chochote kisitolewe, kisihamishwe, kisitumiwe wala kisiharibiwe. Waliotaka kutafiti wakazuiwa, waliotaka kutupa wakazuiwa, na waliotaka kuzaa tu nao wakazuiwa, maana aliyeandika waraka hakuwakumbuka kabisa.

"Baba, si ni vyangu?" binti aliuliza.

"Ni vyako, mwanangu."

"Na ufunguo wa chumba si unao wewe?"

"Ufunguo ninao. Sheria sina."

Binti alimtazama kwa macho makavu, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Ikawa miezi kumi na moja ya kungoja. Getini walikaa makundi mawili, huku mabango, kule mabango. Kundi moja lilikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya kengele aliyemwita kila aliyeingia muuaji, dobi naye akiwemo. Kundi lingine lilikuwa na kijana wa kiti cha magurudumu aliyeanguka kutoka kwenye jengo akavunjika uti wa mgongo. Jua likizidi, makundi yote mawili yalihamia kivuli kimoja cha ukuta na kupokezana chupa ya maji, kisha saa tisa yakarudi kutukanana. Bwana Rula aliwasalimia wote, akaingia kupima.

Siku ya mkasa ilikuwa sikukuu ya taifa, asubuhi, hospitali imebaki na wauguzi wachache. Tangi la kwanza lilikuwa sawa. La pili, ambalo jana lilikuwa na sentimita arobaini na moja, rula ilionyesha thelathini na tatu. Akadhani amekosea, akapima tena. Thelathini na mbili. Ndipo akaona shingo ya tangi inatoka jasho na ukungu mweupe umetanda ubavuni. Akajua. Ukuta wa ndani ulikuwa umepasuka, kama chupa ya chai inavyopasuka ndani huku nje ikionekana nzima. Kuanzia hapo kila unachomimina kinapanda hewani.

Alimpigia mkurugenzi.

"Waraka unasema visihamishwe," mkurugenzi alijibu, nyuma yake kukisikika muziki na vijiko. "Usiguse. Nampigia mtu wa wizara."

Mtu wa wizara hakupatikana. Bwana Rula alipima kila baada ya dakika kumi. Ishirini na tisa. Ishirini na tano. Ishirini na moja. Daktari wa maabara, mwanamke aliyeviotesha viinitete hivyo kwa mikono yake, alikuwa safarini, simu imezimwa. Akampigia mkurugenzi mara ya pili.

"Mzee, nisikilize vizuri," mkurugenzi alisema. "Ukigusa, ni jela. Mimi sijakwambia uguse. Na wala sijakwambia usiguse."

"Dakika hii umesema..."

"Sijasema kitu, Mzee. Umenielewa?"

Alimwelewa sana. Alibaki ameshika simu, jasho linamtoka kuliko tangi. Nitrojeni ya akiba ilikuwa pipa moja. Kuimimina kwenye tangi bovu ilikuwa kujaza maji kwenye kikapu. Akapiga moyo konde. Akavuta tangi la tano, la akiba, lililokuwa tupu pembeni, akamimina pipa lote humo, akangoja mpaka lilipoacha kuchemka. Akavaa glavu na kinga ya uso. Sentimita kumi na sita.

Akashika kopo la kwanza. Akalinyanyua, akalivusha, akalizamisha. Sekunde nne. Kisha akavua glavu, akachukua kalamu na kuandika: kopo 1, kutoka tangi 2 kwenda tangi la akiba, saa nne na dakika kumi na mbili, sahihi. Akavaa glavu. Kopo la pili vilevile. La tatu vilevile. Kubeba kulichukua sekunde, kuandika kulichukua dakika. Lakini kopo lisiloandikwa ni watoto wa watu waliochanganywa, na hilo hakuwa tayari kulifanya hata kama dari lingeanguka.

Baada ya la tatu, mkono wake ulienda wenyewe kwenye mpini wa la sita. Ukakaa pale. Aliihisi baridi kupitia glavu. Alimwona binti yake wodini na kilemba kichwani. Kisha akautoa mkono, akashika la nne.

Alipofika la sita, rula ilionyesha vidole vinne tu vya barafu. Alilihamisha, akaandika saa, akaweka sahihi, akaketi sakafuni. Nyumbani alisema tangi liliharibika na ameyahamisha makopo yote, basi. Hakusema alianzia wapi.

Kesho yake mkurugenzi, kwa tai mpya, alimsimamisha kazi kwa barua ya kurasa mbili. Wizara ilipata nakala, magazeti yalipata nakala, na wiki tatu baadaye kamati ilimwita kujieleza.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Makundi ya getini yalikuja yote, na ajabu ni kwamba yote yalimpigia makofi. Mama wa sauti ya kengele alimwita mwokozi wa watoto. Wasomi walimwita mlinzi wa sayansi. Bwana Rula, aliyezoea kuamkiwa na dobi tu, aliketi mbele ya kipaza sauti akiwa na koti la harusi ya binti yake, daftari magotini. Binti mwenyewe alikaa safu ya pili na mama yake.

"Mzee, ulihatarisha kazi yako na uhuru wako," alianza mjumbe mmoja. "Ni kwa sababu ulijua mle ndani mna watu. Sivyo?"

"Mheshimiwa, mimi sijui. Mimi napima kimiminika."

Mjumbe wa upande wa pili akaruka. "Kwa hiyo kwako ni seli tu, mali ya utafiti!"

"Sikusema hivyo pia, Mheshimiwa."

"Basi sema! Uliokoa nini?"

"Niliokoa vya watu. Walinipa niwatunzie. Hawakunipa niwaamulie."

Watu walinong'ona. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa anapitia orodha ya wenye makopo. Alisimama kwenye mstari mmoja na kuangalia juu.

"Vya watu, unasema. Hakuna hata kimoja cha kwenu?"

"Kipo, Mheshimiwa. Vitatu. Vya binti yangu. Kopo la sita."

"Na ulianza na kopo gani?"

"La kwanza."

"Ulipomaliza ya wengine yote, kimiminika kilikuwa kimebaki kiasi gani kwa la sita?"

Hakuhitaji kufungua daftari, lakini alilifungua. "Vidole vinne. Sentimita saba."

"Zinatosha?"

"Kwa vikombe vya chini, labda. Kwa vya juu, hazitoshi."

Hakuna aliyepiga makofi. Si kundi hili, si lile. Katika ukimya huo kiti cha safu ya pili kilikwaruza sakafu, na binti yake akatoka nje bila kugeuka.

Alimnunia baba yake mwezi mzima. Mama mtu alipeleka salamu, zikarudi zilivyo. Bwana Rula, asiye na kazi, alipima maji ya pipa la nyumbani asubuhi na jioni, na mke wake kwa mara ya kwanza hakumtania. Kisha jioni moja binti akaingia uani, akamkuta na rula mkononi.

"Nataka uniambie kitu kimoja," alisema, hata shikamoo hakutoa. "Ulikumbuka kwamba lile kopo ni langu?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema ukungu, haraka, uzee.

"Nilikumbuka. Nililishika."

"Ukaliacha."

"Nikaliacha."

"Kwa nini, Baba? Mtu yeyote angeanza na la mwanawe. Mtu yeyote! Nani angekulaumu?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Bwana Rula aliilaza rula juu ya pipa. "Niliogopa, mama. Najijua. Ningelitoa lako kwanza, ningekaa chini na kulikumbatia, na nisingeinuka tena. Matano yangekufa nikiyaangalia. Na wewe ungezaa, halafu mimi kila nikimshika mjukuu ningewahesabu hao wengine."

Binti alilia kwa sauti, kama alivyolia utotoni akianguka. Hakusema amemsamehe. Alikaa uani mpaka giza lilipoanza kuingia, akanywa chai ya mama yake, akaondoka.

Muswada ulipita baada ya miezi mitatu, kwa tofauti ya kura chache, na kila upande ukasema umeshindwa. Sheria ilisema mwenye kiinitete ndiye mwenye kauli, kwa maandishi: akitumie, awape wengine wasio na mtoto, awape watafiti wenye kibali, au kiachwe. Na katikati, kati ya faini na tafsiri ya maneno, kilichomekwa kifungu kifupi kwamba tangi likiharibika mtunzaji ahamishe kwanza, barua zifuate. Wauguzi walikiita kifungu cha Rula. Alirudishwa kazini. Mkurugenzi alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akisema siku zote alikuwa upande wake.

Wa kwanza kujaza fomu alikuwa binti yake. Kulikuwa na swali moja lililomchelewesha: vitakavyokutwa vimekufa vifanyweje? Mumewe alisema vizikwe kimya. Binti akaweka alama penye watafiti.

"Nimelala wodini miezi tisa na watu waliokuwa wakingoja dawa ambayo haijagunduliwa," alimwambia mumewe. "Najua majina yao." Mumewe akatia sahihi chini ya alama hiyo.

Siku ilipofika, daktari wa maabara aliwaeleza waziwazi. Mirija ilikuwa mitatu. Miwili ilikaa kikombe cha juu, ambako kimiminika kiliondoka siku ile. Mmoja ulikaa kikombe cha chini. Huyeyushwa mmoja mmoja, na wa kwanza kukutwa hai ndio hutumika.

"Ushauri wangu tuanze na wa chini," alisema. "Ya juu sina matumaini nayo. Mkianza na hiyo mtaumia bure."

Bwana Rula alikuwa mlangoni na daftari, maana bila yeye hakuna kopo lililofunguliwa. Alitazama viatu vyake. Neno halikuwa lake.

"Kwenye daftari wa kwanza ni upi?" binti aliuliza.

"Wa juu. Lakini nimekwambia..."

"Nimesikia, Daktari. Na hao wa juu nao wamengoja miaka mitano." Aligeuka akamwangalia baba yake, kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya uani. "Tuanze na wa kwanza."

Mrija wa kwanza uliyeyushwa. Daktari aliinama kwenye hadubini, akatikisa kichwa. Bwana Rula akaandika: mrija 1, saa tatu na dakika arobaini, haukuamka. Mrija wa pili ulichukua muda uleule, na jibu likawa lilelile. Akaandika. Mkwe wake alikuwa amegeukia ukuta.

Wa tatu daktari alikaa nao sana. Aligeuza kioo, akarekebisha taa, akaangalia tena. Feni ya chumba cha matangi ilisikika mpaka huku.

"Andika, Mzee," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa.

"Niandike nini?"

"Andika uko hai."

Miaka kumi na minane mwandiko wake ulikuwa haujawahi kutoka nje ya mstari. Siku hiyo ulitoka, wino ukamwagikia saa na tarehe, na ikabidi binti yake aje kumshikia daftari mpaka amalize.